Kusini Theluji, Kaskazini Jua

Saa kumi na mbili asubuhi Maureen Tubridy alifungua mlango wa mbele akakuta mlango mwingine umesimama nyuma yake, mweupe, umechongeka mpaka umbo la kitasa. Theluji ilikuwa imejaa kibarazani usiku kucha na sasa ilimfika kidevuni. Akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa na mabegi matatu, kisha akaurudisha mlango taratibu isije ikamwagikia sebuleni.

"Fergus," alimwita mumewe. "Limetupata."

"Nani?"

"Ziwa."

Kwa watu wa kusini mwa Buffalo neno hilo lilitosha. Upepo ukilipita Ziwa Erie kwa urefu wake, huichota theluji yote na kuimwaga juu ya ukanda mmoja mwembamba, na ukanda huo una mpaka kama wa shamba la watu waliogombana. Ndani yake mtu anazama hadi kifuani, na mwendo wa nusu saa kuelekea kaskazini mwenzake anaosha gari juani. Safari hii ziwa lilikuwa limeichagua kusini. Radi zilinguruma ndani ya theluji tangu saa nane usiku, na redio ilikuwa imeshatangaza kwamba ni marufuku gari lolote kuonekana barabarani.

Basi simu ikalia, na alikuwa bosi.

Ronald Dudzik alikuwa meneja wa kiwanda cha achari cha Dudzik, huko kaskazini, na nyumba yake ilikuwa huko huko kaskazini. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo lisemwe mapema kabla hajaanza kuongea. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba hali ya hewa ya dunia nzima ndiyo ile inayoonekana kwenye dirisha la ofisi yake.

"Maureen, habari za asubuhi. Huku kumepambazuka jua zuri sana."

"Bosi, huku mlango haufunguki."

"Ndivyo mnavyosema wote. Watu kumi na mmoja wa kusini, na milango kumi na mmoja haifunguki. Mlikaa kikao jana?"

"Washa redio, bosi."

"Redio inawatisha watu ili wasiizime. Mimi nina mtu wangu huko huko kusini, nimempigia alfajiri, kaniambia ni theluji kidogo tu, ya kufagia. Na huyo hajawahi kunidanganya maishani."

"Basi mtu wako anaishi ndani ya friji, hajui cha nje."

Bosi hakucheka. "Maureen, una pointi ngapi?"

"Saba."

"Na ya nane?"

"Ya nane naijua, bosi."

"Wiki ijayo ni Sikukuu ya Shukrani, maduka yanasubiri chupa zao, na mimi nina watu wanne kwenye mashine. Piga kadi ya kuingia kazini kabla ya saa sita mchana, nitahesabu umekuja. Ikipita saa sita, mimi sina la kufanya, sheria ni sheria. Mama yangu mwaka wa sabini na saba alitembea, Maureen. Maili tano. Picha yake unaiona kila siku."

Ni kweli aliiona kila siku. Ilining'inia juu ya mashine ya kupigia kadi, kwenye fremu ya shaba: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kidevu juu, viatu vya kutembelea kwenye theluji miguuni, amesimama mbele ya mlango wa kiwanda na theluji imemzunguka pande zote. Chini yake limeandikwa neno moja: ALIKUJA. Pale Buffalo dhoruba ya mwaka sabini na saba ndiyo babu wa ukoo. Kila dhoruba inayozaliwa baada yake hulinganishwa nayo na kuonekana haina adabu wala nguvu, na kila bosi ana hadithi ya mtu aliyekwenda kazini siku ile kwa miguu.

Sasa, hizo pointi. Kiwandani kukosa siku moja ni pointi moja, uwe umekosa kwa ulevi au kwa msiba, na mwenye pointi nane anarudisha aproni. Maureen alikuwa amekaa miaka tisa na pointi tatu tu. Nne nyingine alizipata mwezi wa nne, Fergus alipopasuliwa moyo na yeye akakaa kando ya kitanda chake siku nne mfululizo. Dawa za Fergus, na daktari wake, na kile kipimo cha kila mwezi, vyote vililipwa na bima ya kiwanda. Kazi ikienda, bima inakwenda, na moyo wa mumewe ungebaki ukitegemea bahati. Hayo Maureen aliyajua bila kukumbushwa na mtu.

"Kasemaje?" Fergus aliuliza.

"Kasema huko kwao kuna jua."

"Mpe pole."

Fergus alimsaidia kuvaa. Alipiga magoti mbele yake, mtu mkubwa yule, akamvisha mifuko ya mkate juu ya soksi kabla ya buti, jinsi mama zao walivyowavisha wote wawili utotoni, akaifunga kwa mpira kwenye vifundo. "Nenda salama. Mimi nitalinda kochi."

"Usiguse beleshi."

"Daktari alisema nisinyanyue kitu kizito kuliko chupa ya bia. Ndiyo amri pekee niliyowahi kuipenda."

Alikuwa akitania, lakini hakuinua uso. Maureen akavaa kofia yake nyekundu, akachukua beleshi, akatokea dirishani.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mitaa saba mpaka barabara kuu, na kutoka hapo kufuata njia ya magreda mpaka daraja la mto, ambako theluji ingekoma na mabasi yangekuwepo. Alijua mitaa ile tangu akiwa anatambaa. Lakini mitaa haikuwepo. Kulikuwa na weupe juu, weupe chini, weupe usoni, na hapa na pale kichuguu kilichokuwa gari la mtu. Alishika uzio mmoja, akaufuata, akaupoteza, akashika mwingine. Alichimba, akazama, akatoka, akatukana kwa sauti, maana hakukuwa na wa kumsikia. Alimtukana Ronald Dudzik, akamtukana na mama yake Ronald Dudzik pamoja na viatu vyake. Baada ya saa nzima na nusu alikuwa na hakika kwamba barabara kuu iko mbele yake tu.

Hapo ndipo aliposikia mtu anapiga sufuria.

"Wewe mwenye kofia nyekundu," sauti iliita kutoka juu.

Maureen akainua uso. Kwenye dirisha la ghorofani la nyumba ya manjano alikuwa amesimama bibi kizee, amevaa koti la manyoya, sufuria mkono mmoja na upawa mkono wa pili.

"Unatafuta nini?"

"Naenda kaskazini."

"Kaskazini iko mgongoni mwako. Hii mara ya tatu unapita hapa. Mara ya kwanza nilisema, huyu anafanya mazoezi. Ya pili nikasema kumbe wako wengi na wamevaa sare."

Maureen akageuka kutazama alikotoka. Kweli, ule uzio aliokuwa ameushika ulikuwa na alama za mikono yake mwenyewe, za zamani na za mpya. Nyumba hiyo ilikuwa mtaa wa tatu tu kutoka kwake. Saa moja na nusu amezunguka nyumba za watu kama ng'ombe anayezungusha kinu cha mafuta. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko, na alipoanza kucheka yule bibi naye akaanza.

"Njoo uingilie dirisha la jikoni," bibi alisema. "Mlango nimeupa likizo."

Jikoni kulikuwa na baridi kuliko nje. Pumzi zao zilionekana. Bibi alikuwa na kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi, shali mbili juu ya koti, na chini ya hayo yote alikuwa mdogo sana.

"Mtaa mzima wananiita Busia," alisema, yaani bibi, kwa Kipolandi cha wazee wa pale. "Wewe ni wa kwa nani?"

"Maureen. Wa kwa Tubridy, mtaa wa kule. Busia, mbona nyumba imekufa kwa baridi hivi?"

"Tanuri la kupasha nyumba joto limegoma. Lilijizima lenyewe alfajiri."

Maureen hakuuliza zaidi. Mtu yeyote wa pale analijua hilo: theluji ikiziba bomba la kutolea moshi ukutani, tanuri la gesi hujizima, na lisipojizima moshi hurudi ndani na wenye nyumba hawaamki tena. "Bomba liko ukuta upi?"

"Upande wa jirani mwenye mbwa."

Alitoka tena kwa dirisha. Alichimba ukutani kwa dakika ishirini mpaka beleshi likagonga bomba, akalifuta kwa glovu, na kutoka ndani akasikia tanuri likikohoa na kuwaka. Busia alipiga sufuria kwa furaha. Lakini theluji ya siku hiyo haikuwa na haya. Kabla Maureen hajamaliza kikombe kimoja cha chai, tanuri likajizima tena, akatoka tena, akachimba tena. Ndipo akaelewa kwamba shimo lile halingekaa wazi zaidi ya nusu saa bila mtu wa kulilinda.

Alikuwa bado nje aliposikia mngurumo. Pikipiki ya theluji ilikuja juu ya magari yaliyofukiwa, na aliyeiendesha alikuwa Hector Arroyo, fundi wa mapaa wa mtaa ule, ndevu zimeganda.

"Busia yu hai?"

"Yu hai, anapiga ngoma," Maureen alisema.

"Wewe dada unakwenda wapi na hali hii?"

"Kaskazini, kazini."

"Basi una bahati ya mtende. Nakwenda darajani kuchukua manesi, nawapeleka hospitali mmoja mmoja, mpaka jioni. Kwenda nakwenda bila abiria. Panda, dakika ishirini uko juani."

Saa ya Maureen ilionyesha saa nne na dakika kumi. Kutoka darajani angepata basi, na kufika saa tano na nusu, na kupiga kadi, na kubaki na pointi saba. Maureen alipanda nyuma ya Hector kabla hajamaliza kufikiri. Alivaa kofia ngumu aliyopewa. Kisha akatazama bomba, na theluji ilikuwa imeshaanza kupanda kwenye mdomo wake.

"Busia," aliita, "unaweza kushika beleshi?"

"Mwanangu, mimi nimeshika watu wazima na suti zao," Busia alijibu dirishani. Akainama, akalishika beleshi lililoegemezwa pale, akavuta. Beleshi halikusogea. Akajifanya alikuwa analitazama tu.

"Hector, mchukue yeye."

"Sitoki," Busia alisema. "Nyumba ikiganda, mabomba ya maji yatapasuka. Na kwenye hicho kidude sipandi, nina nyonga ya chuma. Nenda zako mwanangu. Nina manyoya."

Maureen alibaki amekaa kwenye pikipiki ile, na kwa muda wa kama dakika moja alimchukia kila mtu. Alimchukia bosi na jua lake. Alimchukia bibi huyu kwa kuwa mzee na kwa kukaa mtaa wa tatu badala ya mtaa wa nne. Alimwona Fergus amelala na mipira puani mwezi wa nne, akauona mkebe wa vidonge vyake juu ya friji, akahesabu vitatosha siku ngapi. Aliomba mtu mwingine yeyote atokee na beleshi. Hakutokea mtu. Akavua ile kofia ngumu, akashuka.

"Nenda, Hector."

"Una hakika?"

"Sina. Nenda kabla hakika haijanirudia."

Alichimba akilia, na hilo halikumsaidia, kwa sababu machozi yaliganda kwenye kope na ilibidi asimame kuyabandua.

Aliporudi ndani nyumba ilikuwa imeanza kupata joto. Busia alikuwa amevua shali moja, amechemsha pierogi, vile vifuko vya unga vyenye kabichi ndani, amekaanga soseji, na ameweka meza kama ya Jumapili.

"Kula. Kazi gani hiyo inayomliza mtu hivi?"

"Achari."

"Achari ipi?"

"Ya kwa Dudzik."

Upawa ulibaki hewani. "Na nani kwa Dudzik kakwambia utoke kwenye dhoruba hii kwa ajili ya matango?"

"Meneja. Anasema huku ni theluji ya kufagia tu. Ana mtu wake wa kusini kamwambia." Maureen alishajaza soseji mdomoni, na hasira na njaa vilimfanya aseme yote kwa pamoja. "Na mama yake. Mama yake alitembea mwaka wa sabini na saba, maili tano, kama si mtu ni farasi. Miaka tisa napiga kadi ananitazama. Wallahi nikimpata huyo mama nitamwambia, shikamoo, umetuua."

Busia aliuweka upawa mezani. Akavua kofia ya manyoya, akaziweka sawa nywele zake nyeupe, na akainua kidevu.

Maureen alikijua kidevu kile. Soseji ikamkaa kooni.

"Marahaba," Busia alisema.

"Mama yangu," Maureen alisema.

"Bronia Dudzik. Na huyo mtu wa kusini ni mimi pia. Kila dhoruba Ronald ananipigia, na kila dhoruba namwambia ni ya kufagia. Nikimwambia kweli atanihamishia kwake, kwenye chumba chenye zulia jeupe ambalo hata mimi mwenyewe sina ruhusa ya kulikanyaga." Alivuta kiti, akakaa. "Jambo la tatu ndilo zito. Sikutembea."

"Hukutembea wapi?"

"Kokote. Mwaka wa sabini na saba. Nilitoka nyumbani Ijumaa asubuhi kwenda kufungua kiwanda, nikafika mtaa mmoja na nusu. Nikaingia baa ya Stash kupasha mikono, na mlango ukaziba nyuma yangu. Tulikuwa watu ishirini na watatu. Kulikuwa na dereva wa basi, na masista wawili, na mtu wa akodiani aliyekuwa akienda kupiga harusini. Siku nne, Maureen. Tulikula mayai yote ya Stash, na soseji zote. Masista walitushinda karata mpaka wakamwonea Stash huruma, wakamrudishia baa yake. Na tulicheza dansi. Nilikuwa na watoto wawili na kiwanda na mume asiyejua dansi, na sikuwa nimecheza tangu harusi yangu. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, Mungu anisamehe."

"Na picha?"

"Mume wangu Zygmunt alikuwa nyumbani akimwambia kila anayepiga simu, Bronia wangu kaenda kazini. Alijivuna sana. Niliporudi alishamwambia mtu wa gazeti. Ilipigwa Jumatano iliyofuata, kuna jua. Vile viatu ni vya mpiga picha."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bronia Dudzik ilikuwa imefika karibu miaka hamsini, na imewekewa fremu ya shaba.

"Kwa hiyo kiwanda alikifungua nani?"

"Hakuna. Matango yalikaa kwenye mapipa yao wala hayakulalamika. Achari haiozi, mwanangu. Ndiyo maana yake."

Maureen alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Miaka tisa amemwogopa mwanamke aliyekuwa baa akicheza na dereva wa basi. Alicheka, kisha akaiona saa ya ukutani, saa tano na dakika arobaini, na kicheko kikamwishia.

"Sema," Busia alisema.

Akamwambia. Pointi, na moyo wa Fergus, na zile siku nne, na bima, na saa sita. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Sheria ya pointi aliijua, iliwekwa miaka kumi baada ya yeye kustaafu. Kilichomshughulisha kilikuwa kitu kingine, kwa maana alikaa akiutazama mkono wake juu ya simu kwa muda kabla hajaiinua. Miaka yote hiyo alikuwa amependa kuwa yule mwanamke wa pichani. Kisha akabonyeza namba, na kitufe cha spika.

"Mama? Vipi theluji?"

"Imefika dirisha la jikoni."

"Asubuhi ulisema ya kufagia."

"Nilikudanganya. Na kuna jingine, tafuta pa kukaa."

"Mama, niko kwenye mashine ya matango kwa mikono yangu, sina pa kukaa."

"Basi simama vizuri."

Akamwambia yote. Baa, siku nne, masista, viatu. Upande wa pili zilisikika chupa zikigongana kwenye mkanda wa mashine, halafu mtu akauzima mkanda.

"Nimewahadithia watu ile picha miaka ishirini," Ronald alisema.

"Najua. Nilisikia raha, ndiyo maana nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, nalibeba. La kwako ni kumkaripia mtu kwa dirisha lako badala ya kumuuliza la kwake linaonyesha nini."

"Mama, umechoka, uko peke yako—"

"Siko peke yangu. Niko na Maureen wako. Tanuri langu lilizimika alfajiri. Kapata usafiri wa kumleta mpaka kwako, akaupanda, akashuka, kwa sababu angeuchukua mimi ningeganda kama samaki. Ndiye anayechimba bomba langu tangu saa tatu."

"Maureen yupo hapo?"

"Nipo, bosi," Maureen alisema. "Sijapiga kadi."

Simu ikakatika. Wanawake wawili wakatazamana. Saa sita ikalia kutoka kwenye saa ya ukutani, taratibu, milio yote kumi na miwili, na Maureen akatoka nje kuchimba, kwa kuwa kuketi kungekuwa vibaya zaidi.

Saa saba kasorobo simu ililia tena. Ilikuwa na upepo ndani yake.

"Mama, niko darajani."

"Nani kakuruhusu kutoka?"

"Nina jua mgongoni. Natoka jasho. Na mbele yangu kuna ukuta." Ronald alisema polepole, kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. "Mweupe, unapanda mpaka mbinguni. Mtu kaingia ndani yake sasa hivi na pikipiki, hatua tatu, simwoni tena. Polisi wamenizuia. Nimewaambia mama yangu yuko mle ndani. Wakaniambia kila mtu mama yake yuko mle ndani."

Busia alishika ukingo wa meza.

"Maureen," Ronald alisema. "Kesho usije. Wala keshokutwa. Nafunga mpaka wafungue barabara."

"Na pointi ya leo, bosi?"

"Hakuna pointi ya leo. Kwa wote kumi na mmoja."

"Na zile nne za moyo wa mumewe?" Busia alisema.

"Mama, hizo ni za mwezi wa nne, zimeshaandikwa—"

"Ronald."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Sawa, mama. Na hizo." Akakohoa. "Maureen, nakuomba, lichimbe hilo bomba."

"Nalichimba, bosi."

"Ahsante."

Katika miaka tisa hilo neno alikuwa amelisikia kwake mara nyingi, na kila mara lilifuatwa na "lakini". Akasubiri. Halikufuatwa na kitu.

Busia alifuta macho kwa aproni, akafungua redio, akatafuta mpaka akapata akodiani. Kisha akasimama na nyonga yake ya chuma katikati ya jikoni, akanyoosha mikono, na Maureen Tubridy, na mifuko ya mkate bado miguuni, akacheza polka na mwanamke wa pichani. Bibi alijua dansi haswa. Alimwongoza kuzunguka meza, kupita jiko, mpaka kwenye kabati na kurudi, na sahani zikacheza nao. Maureen alijisikia mwepesi hata akaogopa.

Wimbo ulipoisha akampigia Fergus.

"Umefika?" Fergus aliuliza kabla hajasema halo.

"Sikufika."

"Nilijua." Sauti yake haikuwa na utani wowote. "Mo, nimekaa hapa tangu asubuhi nahesabu. Nne kati ya saba ni zangu. Ungekuwa umenizika mwezi wa nne, wangekupa ruhusa ya msiba siku tatu—"

"Hawatoi ruhusa ya msiba, mpumbavu wewe. Nayo ni pointi. Na nyamaza unisikilize. Nina pointi tatu."

"Tatu?"

Akamweleza haraka haraka, akichanganya daraja na baa na viatu. Alipofika mwisho alisikia mtu mkubwa akipenga kamasi mbali na simu, muda mrefu, akidhani hasikiki.

"Kwa hiyo," Fergus alisema, "si mimi niliyekufukuzisha kazi."

"Si wewe. Hakuna aliyefukuzwa."

"Basi rudi nyumbani, mke wangu. Ni mitaa mitatu tu."

Maureen alitazama dirishani. Nusu saa ilikuwa imepita, na theluji ilishapanda tena ukutani.

"Siwezi," alisema, akilitafuta beleshi kwa mkono. "Niko kazini."